Kodi si pesa ya kutupa: dhana zinazowaponza wanunuzi wa nyumba Malindi

Wateja wangu wengi huingia na kauli moja: "Wakili, nimechoka kutupa pesa kwa kodi." Huniuma kuisikia, kwa sababu mara nyingi anayeisema ameshatoa arubuni ya nyumba ambayo hakufaa hata kuikaribia.

"Kodi ni pesa ya kutupa"

Kodi inanunua makazi. Mwezi ukiisha watoto wamelala pakavu, paa likivuja mwenye nyumba ndiye wa kumtafuta fundi, na kazi ikikupeleka Mombasa unafungasha na kwenda. Umelipa, umepata ulicholipia.

Anayenunua kwa mkopo naye ana pesa zisizorudi, ila hizo yeye huwa hazihesabu. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 5, una milioni 1 mkononi na unakopa milioni 4 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20. Kila mwezi utalipa kama 49,700. Katika malipo ya kwanza, 46,667 ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa 3,100 hivi. Hadi umalize, benki itakuwa imepokea karibu milioni 12. Kabla hujabadilisha hata kitasa, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani 200,000, na ada ya wakili juu yake. Halafu kuna chumvi ya bahari, inayokula mabati na nondo mwaka hadi mwaka. Kama nyumba ya namna hiyo hiyo inapangishwa mtaani kwa 18,000, tofauti ni zaidi ya 30,000 kila mwezi. Mtu akiziweka kwenye sacco kwa nidhamu, baada ya miaka michache ananunua kiwanja chenye hati bila kudaiwa. Anayeikwepa riba kwa imani yake na kwenda benki ya Kiislamu apige hesabu zile zile, maana faida ya benki imo ndani ya bei.

Sikatazi mtu kununua. Nimewasajilia wengi na nimefurahi nao. Kinachonikera ni haraka. Haraka ya kukimbia kodi ndiyo inayowatumbukiza watu kwenye nyumba bila ardhi, yaani unanunua kuta huku kiwanja kikibaki cha mwingine, na hapo kodi inawafuata hadi mlangoni.

Karatasi wanazoniwekea mezani nimezizoea: makubaliano ya kurasa mbili yaliyoandikwa kwa mkono, dole gumba la muuzaji, mhuri wa chifu, na kijitabu cha risiti ambacho kila ukurasa umeandikwa "kodi ya ardhi". Mteja ananionyesha kijitabu kile kwa fahari, kwamba hana deni la mtu. Mimi nikikisoma naona jambo moja tu: ardhi ni ya mwingine, na huyu amekuwa akilikiri hilo kwa sahihi kila mwezi.

Mpango huu ni wa zamani pwani yetu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wa maili 10 wapeleke madai yao ya umiliki. Waliopeleka wakasajiliwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Familia nyingi zilizokuwa zikilima na kuzika wazee wao pale zikajikuta kwenye ardhi ya mtu mwingine kwa mujibu wa daftari. Ndiyo maana hadi leo, Malindi na Mombasa, mtu hujenga kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, kuta zikawa zake na udongo ukabaki wa mwenyewe. Dhuluma ya historia ile naijua, na siibezi. Lakini haikulindi wewe unayenunua leo kwa milioni mbili.

Ukinunua nyumba ya hivyo, hakuna benki itakayoipokea kama dhamana, kwa kuwa huna hati. Ukitaka kuongeza ghorofa ni mpaka mwenye ardhi akubali. Yeye akiiuza ardhi, unakutana na mmiliki mpya ambaye hakukuahidi chochote, na mara nyingi kinachobaki ni kung'oa mabati na milango yako au kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na kama ardhi ni ya wakfu, futa kabisa matumaini ya kwamba ipo siku utauziwa.

"Nikikaa miaka 12 ardhi inakuwa yangu"

Kanuni ya miaka 12 ni ya mtu aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi bila ruhusa yake. Ukiwa unalipa kodi ya ardhi, unakaa kwa ruhusa, na kijitabu chako cha risiti ndicho ushahidi wa kwanza dhidi yako. Ardhi ya umma haipatikani kwa njia hiyo hata ukae 50.

"Chifu ameshuhudia, inatosha"

Haitoshi. Mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na kushuhudiwa, sawa, lakini umiliki huhama kwa usajili. Shamba linahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

"Hati ni halisi, basi tumemaliza"

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilikataa kumlinda mnunuzi wa kiwanja cha ufukweni kwa sababu kilikuwa kimegawiwa isivyo halali tangu mwanzo. Kufanya sachi, yaani kukagua daftari la ardhi, ni hatua ya kwanza tu. Fuatilia hati ilivyozaliwa.

"Nyumba za mawe za Lamu hazina gharama"

Zina gharama kubwa. Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo huvunji na kujenga upya unavyotaka. Boriti za mikoko huoza, na kuta za matumbawe zinataka chokaa. Fundi akizipaka saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani na ukuta humeguka. Ushauri wangu, na wateja wananijua kwa hili: panga nyumba kwanza kwenye mtaa huo huo, upite msimu mzima wa masika, ndipo uzungumze bei.

"Mzee amefariki, kaka mkubwa amekubali kuuza"

Kaka mkubwa hana cha kuuza mpaka mirathi ifunguliwe, kwa Kadhi au mahakama nyingine yenye mamlaka, na msimamizi ateuliwe. Wajane na mabinti ni warithi, hata kama wameolewa Tanga au wanaishi Jeddah. Muuzaji akiwa hai na ana mke, idhini ya mke kwa nyumba ya ndoa iwe kwa maandishi. Omba nakala ya hati ya usimamizi na majina ya warithi wote kabla ya kutoa arubuni. Ukiambiwa zitakuja baadaye, lipa kodi yako ya mwezi huu na uendelee kusubiri.