"Masi, taa imezima!" Haya, iwashe tena

Navratri, sikukuu yetu Wahindu ya usiku tisa ya kumwabudu Mungu Mama, ikianza tu mimi nalala na simu mkononi. Mwaka jana saa nane usiku binti mmoja kanipigia analia kabisa, "Masi, akhand jyot imezima, nifanyeje, na mume wangu yuko safarini." Akhand jyot ni taa ya ibada inayowashwa isizimike Navratri nzima, na Masi, yaani mama mdogo, ndivyo wanavyoniita. Namuuliza imezimaje, ananiambia feni. Mtoto kasikia joto kaamka kaiwasha, upepo ukapiga taa, basi. Na huyu binti kakaa kwenye kochi saa nzima anasubiri aletewe habari mbaya za mumewe. Mume alikuwa Morogoro, amelala fofofo.

Mimi nauza vitu vya puja, yaani ibada, hapa Dar, samli, pamba, vyungu vya garbo vya kuwekea taa, nazi, na ukishauza vitu hivi miaka mingi watu hawanunui tu, wanauliza. Mengine nacheka. Ila hili la taa limenifika hapa, maana kila mwaka ni lilelile na kila mwaka kuna mtu anateseka bure.

Haya, dhana yenyewe: akhand jyot ikizima kabla ya siku tisa kuisha, Mataji, yaani Mungu Mama, amekasirika na nyumba itapata msiba.

Jamani hapana. Taa imezima kwa sababu utambi umeisha, au samli imeisha, au upepo. Unachofanya unanawa mikono, unaomba radhi kwa maneno yako mwenyewe, unaweka utambi mpya, unawasha, unaendelea. Hakuna faini. Na sijalitunga mimi hili, wenye kusoma Saptashati, kitabu cha kumsifu Mama, nyumbani wanajua mwishoni kuna maombi ya kuomba msamaha, na msomaji anakiri kwamba makosa anayofanya usiku na mchana ni maelfu, kwamba kukaribisha hajui, kuaga hajui, wala puja yenyewe hajui, mantra, maneno ya ibada, zina kasoro na bhakti, moyo wa ibada, ina kasoro, Mama ukubali hivyohivyo. Yaani ibada imejengwa ikijua utakosea! Sasa mtu anayatamka hayo kila jioni kwa sauti halafu taa ikizima anatetemeka kama kaiba. Na kuna stotra, yaani utenzi wa sifa, nyingine inayorudia kwamba mtoto mbaya anaweza kuzaliwa lakini mama mbaya hayupo. Mmemfanya Mama kuwa trafiki, amejificha nyuma ya mti anasubiri ukosee akukamate.

Halafu nani kawaambia akhand ni lazima? Nyumba nyingi sana Gujarat kwenyewe, India, wanawasha asubuhi na jioni, wanafanya aarti, ile ya kuzungusha taa mbele ya Mama, taa ikimaliza samli yake inalala. Akhand ni sankalp, ni nadhiri, unaweka ukiwa una mtu wa kukaa nayo. Kama wewe na mumeo mnatoka saa moja asubuhi mnarudi usiku na nyumbani hakuna mtu, usiweke nadhiri ya kuwasha moto siku tisa, weka nadhiri nyingine, soma sura moja kwa siku, inatosha.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli, kwa sababu hofu ya kuzimikiwa inawafanya watu wafanye mambo ya hatari. Nimeingia nyumba moja, mwezi wa kumi huo na joto la Dar mnalijua, madirisha yote yamefungwa, feni imezimwa, bibi wa watu mwenye presha anatoa jasho pembeni eti upepo usiguse taa. Wengine wanaisogeza kwenye kona isiyopigwa na upepo, na kona hiyo ina pazia. Halafu usiku wanafunga mlango wanaenda kucheza garba, ngoma ya Navratri, mpaka usiku mkubwa, nyumba tupu, moto unawaka ndani. Wazee walikuwa wanasema nyumba yenye akhand jyot haiachwi peke yake, vijana wanadhani ni mambo ya kiroho tu, mimi nadhani wazee walikuwa wameshaona nyumba zikiungua.

Sasa nisikilizeni. Taa iweke kwenye sinia la chuma lenye mchanga, mbali na pazia na dupatta, yaani mtandio, mtoto asifikie. Ifunike na chemni kama ile ya kandili, iache nafasi chini hewa ipite, feni iendelee kuzunguka bibi apumue. Utambi uwe mrefu, sokota pamba mwenyewe mapema, hizi tambi fupi za pakiti ni za aarti, hazivuki usiku. Samli ongeza kidogo kidogo kwa pembeni ya taa, ukimwagia juu utambi unazama na unauzima mwenyewe. Ukiona ncha imeota kaa jeusi na moto umekuwa mdogo, usiiguse kwanza, chukua moto wa taa hiyohiyo uwashe kadiya kadogo, yaani kitaa kidogo, pembeni, ndiyo shahidi wako, halafu safisha ile kubwa kwa kibano. Ikizima wakati unasafisha, unaiwasha kutoka kwa kadogo na moto ni uleule. Wazee wana hili miaka yote, ila hofu ndiyo inasambaa WhatsApp, dawa yake haisambai. Na samli ikiwa bei mbaya, mafuta ya ufuta ni sawa kabisa.

Dhana nyingine nazipitia haraka maana nimeshasema sana.

"Masi, shayiri haijaota, mwaka utakuwa mbaya." Hii ni ile shayiri tunayopanda nyumbani Navratri, na watu wanaipimia bahati. Uliinunua wapi? Supamaketi. Ile nyeupe ya kupikia supu? Ile imekobolewa, mbegu imeshakufa, hata Mataji mwenyewe akikaa pembeni haioti. Shayiri ya hapa inalimwa kaskazini na sehemu kubwa yake inaishia kwenye bia, kwa hiyo kama hupati yenye ganda, panda ngano nzima, loweka usiku mmoja, na maji nyunyiza usimwage, ikizama inaoza. Na majani kuwa ya njano siyo mkosi, umeiweka gizani, mmea bila mwanga unakuwa wa njano, mtoto wa shule ya msingi anajua.

"Niko kwenye siku zangu kwa hiyo Navratri imeniharibikia." Kila nyumba ina desturi yake na siingilii ya mama mkwe wako, kama hamgusi chungu msiguse. Lakini japa ya moyoni, kurudia jina la Mama kimyakimya, nani atakukataza? Pale Kamakhya, Guwahati, India, hekalu linafungwa siku tatu mwezi wa sita kwa sababu wanaamini Devi, Mama mwenyewe, yuko kwenye hedhi, likifunguliwa watu wanajaa kupata baraka. Halafu wewe unajiona najisi mpaka unalia.

"Kufunga ni afya." Inategemea unakula nini bwana. Viazi vya kukaanga asubuhi, sabudana mchana, na hiyo sabudana sehemu kubwa ni wanga wa mihogo tu, jioni halwa. Mwenye sukari akifunga hivi anajitafutia kitanda cha hospitali, na akiendelea na dawa bila kula ni balaa la upande mwingine, muone daktari kabla hujaanza. Sendha namak, ile chumvi ya mawe ya mfungo, nayo ni chumvi, presha haijui kwamba ni ya mfungo.

"Wahindu wote hawagusi nyama Navratri." Nenda Kolkata, kwa Wabengali wa India, siku za Durga Puja, sherehe yao ya siku hizihizi, uone foleni za samaki na mbuzi. Sisi Wagujarati tuna yetu, Wabengali wana yao, na Mama ni mmoja.

"Navratri ni siku tisa kamili." Tithi, siku za kalenda yetu, zinafuata mwezi wa angani, hazifuati saa yako ya ukutani. 2025 ilianza Septemba 22, Navami, tithi ya tisa, ikaangukia Oktoba 1, hesabu mwenyewe, ni kumi. Watu walikuja dukani wanabishana na mimi kama vile kalenda nimechapa mimi.

"Bila sanamu puja haikamiliki." Chungu cha garbo chenye matundu na taa ndani kinatosha, jina lenyewe linatokana na garbha, tumbo la uzazi, chungu ndiyo mama na taa ndiyo uhai uliomo ndani. Ngoma inayoizunguka hiyo taa, garba, ndiyo UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni 2023. Sanamu za laki tatu nunua kama pesa unayo, sitakuzuia, hata mimi ninazo dukani.

Na rangi za nguo za kila siku ya Navratri, leo njano kesho kijani, jamani hizo zimekolezwa na magazeti ya Maharashtra juzijuzi tu hapa. Msinipigie kuuliza. Vaa iliyofuliwa.