Mnepo wa meza katika mashine ndogo ya CNC

Kunepa ni kupinda kwa kitu kirefu kuelekea chini, katikati ya sehemu zinazokishikilia, kama kinavyonepa kitanda cha kamba mtu anapokilalia. Katika mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata na kuchonga inayoongozwa na kompyuta, mnepo wa meza ni tofauti ya kimo kati ya katikati ya meza na miisho yake iliyoshikwa. Tofauti hiyo aghalabu haionekani kwa macho, na anayekata milango ya kabati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuijua. Anayechonga bodi za saketi hana nafasi hiyo: tabaka la shaba analolikata lina unene wa takriban milimita 0.035 na kikatio chake hushuka kina cha milimita 0.1 hivi, kwa hiyo meza iliyonepa milimita 0.2 humpa mistari safi pembeni huku katikati kikatio kikipita hewani.

Tuchukue mashine ambayo meza yake hutembea juu ya fimbo mbili za chuma zenye kipenyo cha milimita 16, zilizoshikwa kwenye miisho tu, zikiwa na urefu wa milimita 800 kati ya vishikio. Ikiwa meza pamoja na kitu kinachochongwa vina uzito wa kilo 10, kila fimbo hubeba kilo 5, yaani nguvu ya takriban nyutoni 50. Hesabu ya kawaida ya boriti yenye mzigo katikati hutoa mshuko wa milimita 0.83. Kwa kweli mshuko huwa mdogo kuliko huo, kwa kuwa beringi, yaani vipande vinavyoibeba meza na kuteleza juu ya fimbo, huusambaza mzigo badala ya kuukusanya kwenye nukta moja, lakini uwiano unaofuata bado unafaa kwa makadirio. Fimbo ile ile ikifupishwa hadi milimita 400 hushuka milimita 0.1 tu, kwa sababu mnepo hufuata urefu uliopigwa kipeo cha tatu: nusu ya urefu huleta sehemu moja ya nane ya mnepo. Kipenyo kina nguvu zaidi, kwani hufuata kipeo cha nne, na fimbo ya milimita 20 yenye urefu wa milimita 800 hushuka milimita 0.34.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Husikia kwamba fimbo imenepa, nao wakanunua fimbo ya chuma kilichofanywa kigumu kwa moto wakiamini kwamba chuma kigumu hakipindi. Ugumu wa uso huzuia kuchakaa. Ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kupinda, karibu haubadiliki, kwani chuma laini na chuma kigumu vyote vina takriban gigapaskali 200, kizio cha kupimia ukakamavu. Alumini ina 70 hivi, kwa hiyo kwa umbo lile lile hunepa karibu mara tatu zaidi.

Dawa ya kweli ni kuondoa urefu usio na tegemeo. Fimbo ya duara haiwezi kuwekewa nguzo katikati ikiwa beringi zake ni za mviringo kamili, kwa sababu zitagonga nguzo hiyo. Huhitajika reli iliyofungwa juu ya mhimili wa alumini kwa urefu wake wote, pamoja na beringi zilizo wazi upande wa chini. Reli ya namna hiyo hufuata umbo la kitako ilichofungiwa, na fremu iliyopinda wakati wa kuchomelewa huipinda nayo mara bolti zinapokazwa.

Kwa meza isiyotembea kazi ni nyepesi zaidi, kwani mbavu zinaweza kupita chini yake popote. Mbavu hizo zisimamishwe kwa ubavu mwembamba: bapa la chuma la milimita 10 kwa 40 likisimama lina ukakamavu mara 16 ya likilazwa.

Kupima ni rahisi. Kifaa cha kupimia chenye uso kama wa saa na sindano (dial indicator) hufungwa mahali pa kikatio, ncha yake ikagusa meza, kisha meza husogezwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na tarakimu zikaandikwa. Baadaye dumu la maji la lita 5, ambalo ni takriban kilo 5, huwekwa juu ya meza na upimaji kurudiwa.

Seti hizo mbili za tarakimu ndizo huonyesha kama inafaa kutumia njia inayopendwa sana, ya kufunga ubao wa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, juu ya meza na kuuchonga kwa mashine yenyewe hadi uwe sambamba na mwendo wa kikatio. Njia hiyo hufuta mnepo uliokuwapo siku ile, kwa uzito uliokuwapo siku ile. Ikiwa dumu la maji limebadilisha tarakimu kwa milimita 0.3, ubao uliosawazishwa meza ikiwa tupu utakuwa umekosea kiasi hicho mara kipande kizito cha mbao kitakapofungwa juu yake.