Ngozi, mbao na kitufe kilichopotea

Mwaka 2011 nilikesha nikishona ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa ndani ya Photoshop, programu ya kuchorea picha, mshono mmoja mmoja, kila uzi na kivuli chake. Mteja alikuwa ameona kalenda mpya ya Mac, ile yenye ngozi juu na masalia ya karatasi zilizochanwa, akataka "kama hiyohiyo".

Sisi madizaina mtindo huo tuliuita skiumofizimu: kitu cha kwenye skrini kuvalishwa sura ya kitu cha mkononi. iBooks ya 2010, programu ya vitabu ya Apple, ilipanga vitabu kwenye rafu ya mbao. Notes, ya kuandikia, ilikuwa daftari la njano lenye mistari. Game Center, ya michezo, ilitandikwa kitambaa cha kijani kama meza ya kamari. Leo tunacheka, lakini iPhone ilipotoka 2007 wengi walikuwa wamezoea simu za kubonyeza namba. Kitufe kilichovimba, king'aacho juu na chenye kivuli chini, hakikuhitaji maelezo.

Wengi husema mtindo ulikufa kwa mabadiliko ya uongozi pale Apple: Oktoba 2012 ilitangazwa kwamba Scott Forstall, mkuu wa programu za iPhone, anaondoka, Jony Ive, mbunifu wa umbo la vifaa vyao, akakabidhiwa sura ya programu, na Septemba 2013 ikatoka iOS 7, mfumo mpya wa kuendesha iPhone, bapa kama chapati. Ni kweli, ila mgonjwa alikuwa kitandani zamani. Microsoft walishatoa Windows Phone ya vigae vya rangi tupu mwaka 2010. Na mwaka huohuo iPhone 4 iliongeza pikseli, zile nukta za skrini, mara mbili kila upande, kwa hiyo kila picha tukaichora mara mbili. Zikaja simu za Android, kila moja na kioo chake. Kitufe kimoja cha tovuti tulikikata picha tatu: ncha ya kushoto, tumbo, ncha ya kulia. Ukivuta picha ya ngozi inafifia. Rangi tupu ni namba tu, inajaza kioo chochote. Mimi nasema ngozi iliuawa na hesabu ya vioo, ladha ilikuja kuzika.

Kosa ni kwamba Apple walipotupa ngozi, walitupa na kitufe. Kilichobaki ni neno la buluu likielea. Nasi tukaiga. Nilipompa toleo jipya la programu yetu mama mmoja wa duka la jumla, alibonyeza kichwa cha ukurasa mara tatu, kisha akanigeukia: "Sasa mwanangu, cha kubonyeza ni kipi hapa?" Sikuwa na jibu. Machi 2014 Apple wenyewe, kwenye iOS 7.1, waliweka swichi kwenye mipangilio ya kurudisha maumbo ya vitufe, na Juni Google wakaleta Material, mtindo wao wa usanifu: karatasi bapa lakini yenye kivuli.

Mimi nilirudisha kivuli cha pikseli mbili tu, bila ngozi. Yule mama alibonyeza, akaendelea kuhesabu katoni zake.