Mozaiki nyumbani Kigoma: kazi inayosubiri na kazi isiyosubiri

Mwenye ajira, watoto na jiko la kuangalia anaweza kabisa kutengeneza mozaiki nyumbani, yaani pambo la vipande vidogo vya sahani na marumaru vilivyobandikwa, kwa sababu karibu kazi yote inakubali kuachwa katikati. Mgeni akipiga hodi unaweka kipande chini, unarudi kesho, hakuna kilichoharibika. Hatua mbili tu hazisubiri: gundi ya saruji ikishakorogwa, na kujaza grauti, ule uji mzito wa saruji unaoziba nafasi kati ya vipande. Ukiujua mpaka huo, unaipanga kazi kuzunguka maisha ya nyumba. Naamini wengi walioacha sanaa hii njiani hawakukosa kipaji. Walikoroga grauti saa ambayo chakula kiko jikoni na watoto wanarudi shule.

Mfano wangu utakuwa mmoja: uso wa meza ndogo, sentimita 40 kwa 40. Vipande vya sentimita 2 kwa 2, vikiachiana milimita 2, vinaingia kama 330. Anayebandika 30 kila jioni humaliza kwa jioni 11. Usianze na ukuta wa sebule.

Sahani, marumaru na mawe ya ziwani

Sahani bapa yenye upana wa sentimita 26 hutoa vipande 35 hivi kutoka sehemu ya katikati iliyonyooka. Ukingo umepinda, na kipande chake kikiwekwa mezani hubaki kimeinua ncha, tena ncha hiyo ndiyo itakayomchana mtu mkono. Kingo zitunze kwa ajili ya chungu cha maua, kwani chungu nacho kimepinda. Kwa meza yetu tafuta sahani 9 au 10, au changanya na marumaru zilizobaki kwa fundi aliyesakafu nyumba jirani.

Sahani za jikoni kwetu zina mawese. Mafuta hujificha kwenye nyufa na kwenye ile pete ya mgongoni isiyong'aa, na gundi haishiki mafuta. Loweka sahani usiku mmoja katika maji ya moto yenye sabuni ya unga, sugua, suuza, anika, ndipo uvunje. Ukizivunja kwanza na kuziosha baadaye utajikata.

Marumaru utazitambua bila kusoma boksi. Geuza moja, dondosha tone la maji mgongoni. Likinywewa, hiyo ni ya ukutani: laini na rahisi kukatika. Likibaki limesimama, ni poselini ya sakafuni, ngumu, inayoruka ovyo na kuchosha kiganja. Anza na ya ukutani. Maelekezo ya nchi za baridi hukataza kuitumia nje, kwa kuwa maji iliyoyanywa yakiganda kuwa barafu huipasua. Sisi hatuna barafu. Nje huku adui ni mvua inayovimbisha ubao na jua linaloukausha. Ubao unacheza, vipande havichezi, na gundi katikati inaachia.

Mawe madogo yaliyolainishwa na mawimbi ni mazuri sana kujazia nafasi inayozunguka picha ya ua au samaki, mradi uchague yaliyo bapa. Usiyachukue ndani ya Hifadhi ya Gombe. Na nakuomba kwa moyo wote uyaache magamba ya konokono yaliyo chini ya maji. Ziwa Tanganyika lina samaki wadogo wa aina kadhaa wanaoishi na kutagia mayai ndani ya magamba matupu. Sahani zilizopasuka hazitakwisha mjini. Magamba yale yana wenyewe.

Kwa pambo la ukutani, bakuli dogo zuri lenye ufa si lazima livunjwe. Kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi na Kaole, huko pwani, vyombo vya kauri vya China vilipachikwa vizima ndani ya chokaa, na mimi bado sijaona pambo la katikati linalovutia kuliko hilo.

Kukata

Funga sahani kwa kitambaa kizito, suruali ya jinzi kuukuu inafaa, kisha gonga mara moja au mbili kwa nyundo. Lengo ni kupata mapande makubwa, si kusaga. Baada ya hapo tumia koleo la kukatia marumaru, lenye meno mawili mafupi ya chuma kigumu. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuingiza kipande ndani kabisa ya meno. Uma ukingoni tu, milimita 2 au 3, elekeza meno kule unakotaka ufa uende, bana. Kipande hakikatwi kama kitambaa, kinapasuka, na kazi ya koleo ni kuuanzisha ufa. Ukiuma sana, ufa huanza sehemu nyingi kwa pamoja na unabaki na chenga.

Vaa miwani ya kazi. Lowesha vipande kidogo kabla ya kukata, kwa sababu vumbi la kauri lina silika, madini yaliyomo pia mchangani, na silika ikiingia kwenye mapafu haitoki. Kata barazani mchana, juu ya sinia pana ambalo halitarudi tena kwenye chakula, na ukimaliza futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Watoto wasikae karibu wakati wa kukata, ila wakati wa kupanga vipande kwa rangi kwenye makopo wanasaidia sana. Vikishakatwa, sugua ncha kali kwenye jiwe la kunolea lililoloweshwa.

Ubao na gundi

Ndani ya nyumba, pambo la ukutani linatosha ubao wa marini (plaiwudi inayostahimili maji) wa milimita 12. Meza inataka milimita 18. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) na ubao wa chenga huvimba vikiguswa na maji ya grauti, hata kama meza haitatoka nje maisha yake yote. Chora mistari ya kukatizana juu ya ubao kwa msumari, kisha paka gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji, gundi 1 kwa maji 4, pande zote mbili na kwenye kingo. Ukipaka upande mmoja, ubao hupinda.

Kitu cha kukaa nje mwagia kibamba cha saruji: saruji 1 kwa mchanga 3, unene wa sentimita 4, wavu wa kuku katikati, na ukimwagilie siku 7. Mchanga wa ziwa letu hauna chumvi kama wa bahari, ila uoshe tope.

Gundi nyeupe inafaa kwa pambo la ukutani ndani, basi. Ikilowa tena hulainika, kwa hiyo meza ya chai na chungu cha maua vinataka gundi ya saruji, ile ya unga inayotumiwa na mafundi wa marumaru. Hapa ndipo watu hukoroga nyingi kupita kiasi. Vipande 30 vinahitaji vijiko 4 vya mezani vya unga na kijiko 1 na nusu cha maji. Koroga, acha dakika 5 hadi 10, koroga tena. Inua kijiko: isidondoke. Paka mgongo wa kila kipande, bandika, sukuma kidogo kulia na kushoto. Ikianza kuota ngozi juu, itupe. Kuiongezea maji huirudishia ulaini bila kuirudishia nguvu, na vipande vilivyobandikwa nayo vitadondoka baada ya miezi michache. Vipande vya kioo angavu vinataka gundi ya saruji iliyo nyeupe, kwa kuwa ya kijivu huua rangi ya kioo. Kwa kioo cha kujitazamia usitumie silikoni yenye harufu ya siki. Asidi yake hula ile rangi ya fedha mgongoni.

Kubandika kwa karatasi

Meza ina tatizo lake. Sahani ina unene wa milimita 4 au 5, marumaru 7 au 8. Ukibandika moja kwa moja, kikombe kitayumba. Dawa yake ni kubandika vipande kifudifudi juu ya karatasi ya kaki kwanza, na hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa nyumba yenye shughuli nyingi, kwa sababu inakupa jioni zote 11 bila saruji hata chembe.

Chora mchoro wako kwa kugeuza, kushoto iwe kulia. Jina likiandikwa kawaida litatokea kinyume. Ukitaka mchoro wa kuanzia, kitenge chenye maumbo makubwa na rangi tatu kinatosha. Pika uji wa gundi: unga wa ngano kikombe 1, maji vikombe 4, koroga motoni hadi ung'ae, upoze. Bandika kila kipande sura ikitazama karatasi. Uji huu huchacha, kwa hiyo upike mdogo kila baada ya siku mbili, na usiku ifunike kazi kwa beseni au sufuria pana, maana mende huula, na vipande vikaachia.

Vikiisha na kukauka, kata karatasi kwa wembe iwe robo nne za sentimita 20, zipe namba na mshale kabla ya kuzitenganisha. Siku ya kuhamisha tenga saa moja kamili. Koroga kilo 1 ya gundi ya saruji kwa maji robo lita, tandaza unene wa milimita 4 ubaoni, geuza robo ya kwanza juu yake na ubonyeze kwa kibao bapa. Nyuso zote sasa ziko usawa mmoja. Tofauti ya unene imezama chini, ndani ya gundi. Baada ya saa 24 lowesha karatasi kwa sponji, subiri dakika 15, ivute taratibu ikiwa imelala karibu na uso wa meza. Ukiivuta kwenda juu itang'oa vipande.

Grauti

Tenga saa moja na nusu, jioni, jua likiwa limeshapoa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti upepo mkavu hukausha grauti kabla hujafuta. Kwa meza hii nusu kilo ya unga inatosha na kubaki. Ukitengeneza mwenyewe, chukua saruji 1 kwa mchanga 2 uliopitishwa kwenye chujio la chai. Saruji tupu hupasuka nyufa nyembamba. Rangi ya oksaidi, ile ya unga ya kutia kwenye saruji, isizidi gramu 25 kwa kila nusu kilo ya saruji, la sivyo inaidhoofisha. Na tafadhali, usiweke grauti nyeupe kwenye meza itakayoandaliwa chakula chenye mawese. Doa lake halitoki. Kijivu au nyekundu ya oksaidi itakupa amani.

Vaa glavu, saruji huunguza ngozi. Tia maji kidogo kidogo hadi ipate uzito wa siagi ya karanga. Sambaza kwa kipande cha ndala kilichokatwa ukingo ulionyooka. Sijapata kifaa kinachoingiza grauti vizuri zaidi ya hicho. Pitisha pande zote, hasa kwa mshazari, hadi nafasi zote zijae. Subiri dakika 15 hadi 20. Ukungu mweupe ukitokea juu ya vipande, futa kwa sponji iliyokamuliwa hadi isitoe tone. Sponji yenye maji mengi ndiyo chanzo kikuu cha grauti dhaifu: inaosha saruji na kuacha mchanga, na wiki moja baadaye kidole kinaibomoa. Baada ya saa nyingine, sugua kwa kitambaa kikavu.

Halafu funika kwa kitambaa kibichi na mfuko wa plastiki siku 3. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa maji. Maji ya kuoshea yasiende kwenye sinki, yatageuka jiwe ndani ya bomba. Yaache kwenye ndoo yatuame, kisha tupa tope pamoja na takataka.

Ukungu ukibaki baada ya wiki, futa kwa siki iliyozimuliwa na suuza mara moja. Kwenye kazi yenye marmara, yaani marumaru ya jiwe halisi, au mawe ya chokaa usithubutu, siki huyala.

Pambo la ukutani la ukubwa huu hufikia kilo 4, kwa hiyo litundike kwa skrubu mbili zenye plagi. Kipande kimoja kikipasuka miaka ijayo, kwangua kwanza grauti inayokizunguka kwa ncha ya msumari, ndipo ukivunje kutoka katikati kuelekea nje. Ukianzia ukingoni utawabomoa majirani zake. Safisha gundi ya zamani hadi chini, bandika kingine, jaza grauti baada ya siku moja. Ndiyo maana ni vizuri kuweka vipande kumi vya kila rangi kwenye kopo, na unga kidogo wa grauti ileile kwenye chupa iliyofungwa vizuri.