Je, wajua kwa nini hadithi yako huonekana mbovu machoni pako?

Mwombe mwandishi chipukizi akuonyeshe alichoandika, atakwambia bado hakijaiva. Rudi baada ya mwezi, bado. Rudi baada ya mwaka, utaambiwa kaunta buku imeliwa na panya. Yangu haikuliwa. Ilikaa chini ya godoro Tororo, Uganda, miaka minne, na panya wa watu wakabeba lawama.

Kwa nini mtu anayesoma riwaya za wengine kwa raha, na kuzichambua kwa akili timamu, akigeukia kurasa zake mwenyewe huona takataka? Wahenga walisema nyani haoni kundule, huona la mwenziwe. Kwa mwandishi mambo yamepinduka: yeye ndiye nyani pekee msituni aonaye kundule tu.

Swali hili nimelijibu vibaya mara mbili. Mara ya kwanza nilijibu kama wengi wanavyojibu: ukiona kazi yako mbovu, basi ni mbovu, weka kalamu chini. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili upande huu wa mpaka, jibu hilo huja na shahidi wa kuazima, ule utani kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikafia Kenya na kuzikwa Uganda. Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Utani bado haujapata waraka.

Jibu langu la pili lilikuwa tamu, na utamu ndio ulionichelewesha. Nililikuta kwenye simu, katika zile picha zenye maneno ya hekima: mjinga hujiamini, mwerevu hujishuku, sayansi imethibitisha. Nikaliandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kaunta buku. Hesabu yake ilinifaa mno. Ninajishuku sana, kwa hiyo nina kipaji sana. Ikawa siku nikiandika ukurasa nikaupenda, ndipo napata wasiwasi.

Sayansi inayotajwa hapo ni kazi ya Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1999. Waliwapa wanafunzi wa chuo majaribio ya mantiki, ya sarufi ya Kiingereza na ya kutambua vichekesho, kisha wakamwuliza kila mmoja anadhani amewashinda wenzake wangapi. Walioshika mkia, ambao kwa wastani waliwashinda watu 12 tu katika kila 100, walijikadiria kuwa wamewashinda 62. Hii ndiyo sehemu inayosambazwa, maana kila anayeisoma anamjua mtu wa namna hiyo, na huyo mtu kamwe si yeye.

Sehemu isiyosambazwa ni ya waliofanya vizuri. Ni kweli walijishusha. Lakini walijishusha kidogo, na bado walijiweka juu ya wastani bila aibu. Hakuna mahali ambapo waliofaulu walijiona hawafai kitu. Kwa maana hiyo, ile shaka inayomfanya mtu afiche daftari chini ya godoro haimo kabisa katika utafiti ule, wala kama dalili ya kipaji wala kama dalili ya kukikosa. Nilikuwa nimejipatia cheti ambacho hakuna aliyekitoa. Nilijaribu kuyafuta yale maneno kwenye jalada. Wino mwekundu haufutiki, kwa hiyo nikabandika karatasi juu yake.

Isitoshe, wapo watafiti waliokuja baadaye wakasema sehemu ya matokeo yale ni mchezo wa hesabu tu: aliye kileleni akikosea kujikadiria, hana pa kukosea ila kwenda chini, na aliye bondeni hana pa kukosea ila kupanda. Mjadala huo haujaisha. Tena mantiki na sarufi zina jibu sahihi na jibu kosa, na hadithi fupi haina karatasi ya majibu.

Wengine hulitaja pia jambo la kujihisi mlaghai, kwamba sifa ulizonazo umezipata kwa bahati na siku moja utaumbuliwa. Pauline Clance na Suzanne Imes walilieleza mwaka 1978 baada ya kuwachunguza wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na kazi zao. Hawakuliita ugonjwa, ingawa siku hizi watu hulitamka kama malaria. Na liliwahusu waliokwisha kufanikiwa. Mtu ambaye hajachapisha hata shairi moja hana sifa za kuumbuliwa nazo. Shaka yake ina chanzo kingine.

Chanzo hicho nadhani nilikiona katika kipande kidogo cha utafiti uleule wa Cornell, kile cha sarufi, ambacho picha za hekima hazikukigusa. Waliofanya vizuri walikuwa wakizijua maksi zao kwa usahihi mzuri tu. Walichokosea ni kuwadhania wenzao kuwa nao wamepata vilevile. Wiki kadhaa baadaye waliitwa tena, wakapewa karatasi za wenzao wazisahihishe, kisha wakaulizwa upya wanajionaje. Wakapandisha makadirio yao. Hakuna aliyewapigia makofi wala kuwapa hotuba ya kujiamini. Walionyeshwa tu kazi za watu wengine kama zilivyo.

Kama zilivyo. Tuingie jikoni kidogo, maana hapo ndipo penye jambo.

Chukua matoke. Unamenya ndizi mbichi, utomvu unakuganda vidoleni na kuwa mweusi, sabuni haiutoi. Unaona ndizi tatu zimeanza kuiva, unazitumia hivyohivyo kwa kuwa mkungu ni mmoja. Unafunga kwa majani ya mgomba, jani moja linapasuka, unaziba kwa jingine. Unainjika. Maji nusura yakauke wakati umetoka kuongea na jirani. Unayakanda ndani ya majani huku yanakuunguza viganja, unayarudisha motoni. Kisha unafungua mbele ya wageni, na wageni wanaona kilima cha njano kinachofuka moshi. Wao wanakula matoke. Wewe unakula jani lililopasuka, ndizi tatu na maji yaliyokaribia kukauka.

Sasa geuza. Jumapili inayofuata wewe ndiye mgeni kwa jirani. Unafunguliwa kilima cha njano, unasema moyoni, huyu mama anajua kupika, mimi nababaisha. Jani lake hukuliona. Hivyo ndivyo mwandishi chipukizi anavyosoma: riwaya iliyochapwa amefunguliwa mezani, baada ya mhariri kukata, msomaji wa prufu kusahihisha na mwandishi mwenyewe kuandika sura ya kwanza mara kumi. Yake anaijua tangu kwenye utomvu.

Kuna na harufu. Mkaanga rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, wa Wandegeya, Kampala, hukaa siku nzima juu ya vitunguu, mayai na chapati. Wanafunzi wanavutwa na harufu kutoka ng'ambo ya barabara; yeye pua yake iliacha kumwambia chochote tangu asubuhi. Ukimwuliza kama kikaango kinanukia, itabidi akuamini wewe. Sentensi uliyoisoma mara ya ishirini iko hivyo. Lile tashtiti lililokuchekesha ulipoliandika limekaa tu pale kama kiti. Jaribu neno moja, sema “kijiko” haraka mara hamsini, na kabla hujamaliza litakuwa kelele tupu. Leon Jakobovits aliliandikia tasnifu jambo hilo katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 1962. Kweli, neno linalorudiwa kwa nusu dakika si sawa na hadithi inayorudiwa mwaka mzima. Kuviunganisha ni kazi yangu, na msomaji ana ruhusa ya kukataa.

Kosa la sebule na jikoni hata eneo zima linaweza kulifanya. Mwaka 1965 mwandishi Taban lo Liyong, aliyekuwa masomoni Marekani, aliandika makala ya kulia kwamba Afrika Mashariki ni tasa kifasihi, wakati vitabu vya Afrika Magharibi vikizidi kujaa kwenye rafu. Sidhani alikosea kulalamika, na kilio kile kiliamsha wengi. Ila wakati analia, vyungu vilikuwa motoni. Mshairi wa Uganda Okot p'Bitek alikwisha kutoa riwaya ya Kiacholi, Lak Tar, mwaka 1953, na mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya kilio, shairi lake refu Song of Lawino likachapwa Nairobi.

Kwa hiyo tiba, kama ipo, ni kuonyeshana majiko. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walipokutana Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, mwanafunzi wa pale aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Hakungoja uive. Riwaya ikatoka mwaka 1964. Na pale Kamwokya, Kampala, FEMRITE, chama cha wanawake waandishi kilichoanzishwa mwaka 1995, kimejenga desturi ya kukutana Jumatatu jioni kusomeana na kukosoana. Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Waafrika mwaka 2007, ni mmoja wa waliopitia chama hicho. Siwezi kusema alishinda kwa sababu ya Jumatatu. Nasema alikuwa ameona vyungu vya wenzake.

Mimi nilianza na watu watano, Jumamosi mchana, nyuma ya duka la fotokopi. Nilipewa hadithi ya kijana mmoja niliyekuwa namwogopa kwa Kiswahili chake. Ukurasa wa tatu shujaa anaitwa Okello. Ukurasa wa saba ameshakuwa Opio, na hakuna aliyekufa. Aya nzima ilikuwa imepigwa mistari, pembeni pameandikwa “upuuzi mtupu” kwa mwandiko wake mwenyewe. Nilisoma yale maneno mawili mara nyingi kuliko hadithi. Niliyadhani yangu.

Kisha ikaja zamu yangu. Nilikuwa na kisa cha msichana anayesafiri kwa taksi, yaani matatu, kwenda Masaka kumzika baba asiyemfahamu. Nilisubiri waseme juu ya msichana, juu ya kaburi, juu ya ile sentensi ya mwisho iliyonikosesha usingizi. Mwalimu mstaafu mmoja alivua miwani akanitazama.

“Mwanangu, huyu kondakta ameenda wapi?”

“Kondakta yupi, mama?”

“Aliyemrudishia msichana chenji pungufu, halafu akamwongezea kwa siri. Nilimpenda. Ukurasa unaofuata hayupo.”

Nilikuwa nimemweka tu ili nauli ilipwe. Wenzake wawili wakadakia kwamba nao walikuwa wakimngoja. Wakaanza kubishana ana umri gani.

Jioni ile nilibandua karatasi kwenye jalada, nikakuta wino mwekundu umehamia upande wa pili. Nikaandika hapohapo juu yake. Kondakta alishuka Lukaya kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, dereva hakuangalia kioo, na taksi ikaondoka bila yeye.