"Nyanya Yangu Ameiva": Kwa Nini Mchezo wa Maneno Hutupita Tunaposoma Riwaya za Kuchekesha?

Soma sentensi hii polepole: "Nyanya yangu ameiva." Wengi wataipita wakidhani mhariri alisinzia, kwa kuwa nyanya za sokoni huwa *zimeiva*. Wengine watadhani ni bibi mzee aliyebobea katika jambo fulani. Anayecheka ni yule aliyeona yote mawili kwa wakati mmoja, mama mzaa mama na tunda jekundu la soko la Marikiti.

Sentensi hiyo inafaa kupasuliwa, kwa sababu siri karibu yote ya mchezo wa maneno katika Kiswahili imo ndani yake. Neno "nyanya" ni kitawe, yaani neno moja lenye maana zaidi ya moja. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi hutusaidia kuchagua maana, lakini hapa "yangu" haisaidii kitu. Majina ya jamaa kama nyanya, dada na shangazi huchukua "yangu" kama vile vitu vya ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo msomaji hutembea maneno mawili mazima bila kujua anazungumziwa mtu au mboga, hadi afike kwenye kitenzi. Kiambishi "a-" kinasema ni mtu. Mzizi "-iva" unavuta kuelekea kwenye tenga la nyanya. Kicheko kimekaa katikati ya herufi hizo chache.

Basi kwa nini tunakipita? Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, David Swinney, alichapisha jaribio ambalo bado linatajwa sana. Watu walisikiliza sentensi zenye neno la maana mbili. Mfano maarufu ni neno la Kiingereza linaloweza kumaanisha wadudu au vinasa sauti vya kijasusi. Wakati huohuo walionyeshwa maneno kwenye skrini na kutakiwa kuamua haraka kama ni maneno ya kweli. Neno lenye utata liliposikika tu, maana zote mbili ziliamka kichwani, hata pale sentensi ilipokuwa imeshaonyesha wazi ni ipi inayotakiwa. Silabi tatu baadaye, maana isiyofaa ilikuwa imezimika.

Silabi tatu ni muda mfupi sana, kama neno moja tu la kawaida kwetu. Kumbe ubongo wako huiona maana ya pili kila mara, ila huitupa kabla hujatambua kwamba uliiona. Mwandishi hodari hufanya kazi yake kwenye mwanya huo: ama anaweka kichocheo cha pili karibu kabisa na neno, ama anatafuta njia ya kuifufua maana iliyokwisha kuzimika.

Tazama njia hii ya kufufua: "Hakimu alimpa kifungo kimoja, ilhali shati lake lilikosa vitatu." Ukifika "kifungo" umeshachagua jela. Kisha linakuja "vitatu", na ghafla unaona shati wazi kifuani. Neno "kifungo" halikurudiwa. Kilicholirudisha ni kiambishi "vi-" peke yake. Hii ni hazina ya lugha zenye ngeli, kwani kiambishi kimoja kinaweza kubeba nomino nzima mgongoni na kuishusha upande wa pili wa sentensi ikiwa na maana nyingine. Na ukiangalia vizuri, onyo lilikuwepo mapema. Hakuna anayesema hakimu alimpa mtu kifungo *kimoja*. Husemwa kifungo cha miezi sita, au cha maisha. Nambari isiyohitajika ni alama ya kwanza ya kuvizia.

Ngeli huficha, ngeli hufichua

Si vitawe vyote vinavyochezeka kwa urahisi. Mto wa maji na mto wa kulalia vyote ni U-I, kwa hiyo sarufi haisaliti siri. Kifungo cha jela na cha shati vyote ni KI-VI. Hivi ndivyo vitawe vinavyoficha vizuri zaidi. Upande wa pili kuna ndege, mbuzi, tai, kamba na kima, ambavyo maana yake moja ni kiumbe na nyingine ni kitu. Hapo upatanisho unatoboa siri mara moja: mbuzi *huyu* anakula majani, mbuzi *hii* inakuna nazi.

Mwandishi ana njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kuepuka upatanisho kabisa. "Alivaa tai mabegani" haina kiambishi chochote kinachosema kama ni kitambaa cha shingoni au ndege mla nyama, na neno "mabegani" ndilo linalokutia wasiwasi. Ya pili ni kuukosea makusudi: "Aliingia buchani akauliza kama kima yupo." Mwenye bucha ana kima cha kusaga, mteja anaulizia mnyama.

Kwa hiyo, katika kitabu kilichohaririwa vizuri, kosa la upatanisho ndilo la kwanza kushukiwa. Lipime hivi: je, kiambishi hicho "kibovu" kinaingia sawasawa kwenye maana nyingine ya neno? "Kima yupo" kinaingia. "Kitabu yupo" hakiingii popote, hilo ni kosa la uchapaji tu. Ila angalia anayesema ni nani. Wahusika wa Nairobi wakiandikwa kama wanavyoongea mtaani, watasema "kitabu imepotea" na "mtoto ya jirani" bila mzaha wowote. "Ndege imetua" kutoka kinywani mwa kondakta wa Eastleigh huenda ni njiwa wa kawaida. Sentensi hiyohiyo ikitoka kwa msimulizi wa Kiswahili sanifu, ni ya uwanja wa ndege.

Kuna pia michezo inayoonekana kwa jicho na kufa sikioni, na mingine kinyume chake. "Barabara" ya magari hukazwa silabi ya tatu, na "barabara" yenye maana ya sawasawa hukazwa ya pili. Kwenye ukurasa zote zinafanana, kwa hiyo "alipita barabara" inachezeka kwa maandishi tu. Kinyume chake ni maneno yaliyogandishwa pamoja. Riwaya ya tashtiti ya Katama Mkangi ya mwaka 1995 inaitwa *Walenisi*. Kwa macho ni jina la nchi ya mbali. Litamke kwa sauti ukipumua mahali panapofaa: wale ni sisi. Nchi hiyo ngeni, kumbe, ni sisi wenyewe.

Majina

Waliopitia kidato cha nne nchini Kenya wanaijua mbinu ya majazi, yaani jina la mhusika kulingana na tabia yake. Katika *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora kuna Mwalimu Majisifu na Mtemi Nasaba Bora, na yote hutokea Sokomoko. Shida ni kwamba mafunzo ya mtihani yametuzoeza kusimama tukishapata alama mbili za jibu. Majina mazuri yana tabaka zaidi. Sagamoyo, mahali panapotokea tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea, ni saga na moyo, na vilevile ni Bagamoyo iliyobadilishwa herufi moja. Mle ndani kuna Mamapima, muuza pombe. Msomaji wa Mathare au Korogocho halihitaji kamusi neno hilo, maana analisikia mtaani.

Majina mengine hayana maana ndani ya lugha bali nje yake. Wahome Mutahi, katika safu yake ya Whispers aliyoiandika kwa miaka mingi kwenye magazeti ya Jumapili, alimpa mke wa mhusika mkuu jina la Thatcher. Aliyeishi miaka ya themanini alimwona papo hapo waziri mkuu wa Uingereza, mwanamke asiyerudi nyuma, amesimama mlangoni akimngoja mume mlevi. Aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huona jina la kizungu tu.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mchezo wa maneno na dokezo lililofichwa. Kitawe hakizeeki haraka. Dokezo huzeeka pamoja na watu wanaokumbuka. Andika leo kwamba mtu fulani "alifuata nyayo hadi akatumbukia shimoni", na mzee wa miaka sitini atacheka kwa uchungu, kwa kuwa Nyayo ilikuwa kaulimbiu ya utawala wa Rais Moi, 1978 hadi 2002. Mwandike jogoo aliyezoea kuwika karibu miaka arobaini bila kuulizwa swali, naye atakumbuka nembo ya KANU, chama kilichotawala muda huo. Na watu hawakuficha kwa mapambo tu. Mkangi na Mutahi wote walikamatwa mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Katika mazingira hayo, mzaha uliofichwa vizuri ulikuwa njia ya kusema bila kukamatika kirahisi.

Madokezo yaliyo mengi zaidi katika riwaya za Kiswahili ni methali iliyokatwa mkia. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na kanjo." Ulimi wako ulikuwa umeshaandaa "ulimwengu", neno refu la kumalizia kwa utulivu. Badala yake limekuja neno fupi, na pamoja nalo wachuuzi wa Mtaa wa River wanaokunja maturubai na kukimbia. Kicheko hiki kinadai uwe na vitu viwili: methali nzima, na jiji. Msomaji wa Lamu asiyewajua askari wa kaunti ya Nairobi ataona methali iliyoharibika. Kwa kuwa methali hupindwa mwishoni karibu kila mara, ukikutana na sentensi inayoanza kama wimbo unaoujua na kuishia kigeni, rudi uikamilishe ile ya asili kichwani kabla ya kuendelea.

Mipaka pia huzua na kuua. Nchini Kenya "bibi yangu" mara nyingi ni mke wangu. Dar es Salaam ni mama wa mama yangu, na nyanya kule ni ya kachumbari. Sentensi iliyofungua makala hii haina kicheko upande ule. Tafsiri ni mtihani mkubwa zaidi. Kitabu cha Lewis Carroll kuhusu Alice kilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina *Elisi katika Nchi ya Ajabu*. Katika Kiingereza, neno la mkia na neno la hadithi hutamkwa sawa, na panya anayesimulia anajengewa mzaha juu ya hilo. Mkia na hadithi havifanani kwa lolote kwetu. Ukisoma tafsiri na kuona wahusika wanacheka bila sababu, pengine hapo palikuwa na mchezo ulioachwa ng'ambo.

Sasa namna ya kusoma. Mara ya kwanza usisimame. Shika penseli, na kila sentensi inayokukwaruza iwekee nukta pembeni, kisha songa mbele, maana ukifungua kamusi katikati ya sura, mwendo unakatika na kicheko kinapoa. Ukimaliza kitabu, rudi kwenye sura ya kwanza peke yake. Majina na vitawe vingi hupandwa huko na kuvunwa mwishoni, na dakika ishirini za kuirudia zitakupa zaidi ya kurasa mia mpya. Zile zenye nukta zisome kwa sauti. Zisizofunguka kwa sauti zipeleke kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Neno lenye namba ndogo kando yake, likiwa na vidahizo (maneno yanayoelezwa) kadhaa vinavyofuatana, ndilo kitawe. Zitakazobaki muulize mtu mzima kukuzidi, au mtu wa pwani.

Tahadhari moja: ukishaonja utamu huu utaanza kuona mzaha kila mstari. Dai mashahidi wawili kabla ya kukubali. Wa kwanza ni kitu kisicho cha kawaida ndani ya sentensi, kama nambari ya ziada, upatanisho wa ajabu, au neno adimu mahali pa neno la kila siku. Wa pili ni maana nyingine kukaa vizuri katika tukio lenyewe. "Alivuka mto" ni mto tu, hata uukodolee macho vipi. "Alivuka mto bila kuamka, akajikuta upande wa ukutani" ina mashahidi wote wawili.

Na ukinunua riwaya za mtumba zilizotandazwa kando ya njia katikati ya jiji, zile za kuinama, fungua kurasa za kati kabla ya kulipa. Nakala iliyochorwachorwa na msomaji wa kwanza huuzwa rahisi, na huenda nukta zake zikawa mahali ambapo zako hazikufika.