Kwa nini wengine hushangilia maswali ya kuchagua na wengine huomba ya kujieleza?

Mwalimu akitangaza kwamba mtihani utakuwa wa kuchagua A, B, C au D, nusu ya darasa hushusha pumzi. Wapo pia wanaonuna: "Sasa nilichoelewa nitakieleza wapi?" Si lazima hawa wawe na akili kuliko wale. Mara nyingi waliachana njia tangu walipofungua daftari.

Mwaka 1976 Ference Marton na Roger Säljö wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Uswidi, walieleza jinsi wanafunzi walivyosoma makala wakijua kwamba wataulizwa. Wengine waliwinda vipande vinavyoweza kutokea kwenye maswali, wakavimeza. Wengine walitaka kujua mwandishi anasema nini hasa. Usomaji wa kwanza ukaitwa wa juujuu, wa pili wa kina. Baadaye, mwaka 1990, Noel Entwistle na Hilary Tait wakaonyesha kwamba mkaririji hupenda mtihani unaomrudisha kwenye notsi zake, na msomaji wa kina hupenda ule unaompa nafasi ya kufikiri. Ni jambo la kutarajiwa: kila mtu huvutia kamba upande wake.

Lakini mtihani nao humvuta mwanafunzi. Karen Scouller, katika utafiti wake wa Sydney uliochapishwa 1998, aliwafuatilia wanafunzi walewale katika somo lilelile: wakijiandaa kwa maswali ya kuchagua walikariri zaidi, wakiandika insha walizama zaidi.

Basi tuwape insha tu? Marton na Säljö walijaribu kitu kama hicho, wakauliza maswali ya kina. Baadhi ya wanafunzi walizama kweli. Wengine waliishika mbinu tu: wakajifunza kutaja hoja kuu kwa ufupi, bila kuielewa.

Aliyepitia KCPE nchini Kenya, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliodumu kuanzia 1985 hadi 2023, hahitaji kwenda Uswidi kuliona hilo. Karatasi nyingi zilikuwa za kuchagua, ila insha ilikuwa yako na kalamu yako, dakika 40. Tena ndiyo iliyokaririwa kuliko zote! Utangulizi uliandaliwa nyumbani: jogoo wamewika, jua limechomoza, nimerauka alfajiri na mapema. Methali tatu zikasubiri mfukoni. Mada iwe ajali, harusi au mazingira, jogoo lazima awike kwanza, na msahihishaji ameshakutana naye mara thelathini tangu asubuhi.